Gari chakavu la watalii ni mali au mzigo kwa mkulima wa Kalemela?

KILA msimu wa pamba unapofunguliwa, kuanzia mwezi Mei na kuendelea, fedha taslimu huonekana katika vijiji vya mkoa wa Simiyu kuliko wakati mwingine wowote wa mwaka. Ndipo pia madalali wa magari wanapoonekana.

Wanakuja na habari ile ile. Kuna Land Cruiser au Land Rover iliyostaafu kubeba watalii Serengeti, injini bado ina nguvu, mwenyewe ana shida na fedha, bei ni ya kutupa, na gari linahitaji "marekebisho madogo madogo tu".

Kwa wakazi wa kata ya Kalemela na majirani zao wa Lamadi, habari hiyo haisikiki kama ndoto. Barabara kuu ya Mwanza kwenda Musoma inapita katika ukanda huo, na lango la Ndabaka, ambalo ni mlango wa magharibi wa Hifadhi ya Taifa ya Serengeti, liko jirani. Magari ya rangi ya kijani na ya mchanga, yenye paa la kufunguka, ni sehemu ya mandhari ya kila siku. Watoto wa shule ya msingi wanatofautisha mlio wa Land Rover na wa Land Cruiser kabla gari halijatokeza kwenye kona.

Kwa hiyo tamaa ipo, na fedha ya pamba ipo. Kinachokosekana ni hesabu.

Ieleweke kwanza magari hayo yanatoka wapi. Biashara ya utalii hailifukuzi gari kazini kwa sababu limekufa. Hulifukuza kwa sababu mgeni aliyelipa dola nyingi hataki kukaa kwenye siti iliyopasuka, na kwa sababu kampuni haiwezi kumudu aibu ya gari kuzimika katikati ya simba. Gari lililozeeka kwa kazi hiyo linaweza kuwa na miaka mingi ya kazi nyingine mbele yake.

Zipo pia nyakati ambazo magari huuzwa kwa sababu ya njaa tu. Mwaka 2019 Tanzania ilipokea watalii 1,527,230 kutoka nje. Mwaka 2020, ugonjwa wa Uviko-19 ulipofunga viwanja vya ndege duniani, idadi hiyo ikaporomoka hadi 620,867. Gari lililoegeshwa uani haliingizi kitu, lakini betri yake inakufa, matairi yanapasuka kwa jua na panya wanatafuna nyaya. Aliyekuwa na fedha wakati huo alikuwa na sauti ya kupanga bei. Kufikia 2024 wageni walikuwa wamepita milioni mbili, na hali hiyo ikageuka.

Ipo sababu nyingine inayofanya gari lililomo ndani ya nchi lionekane nafuu. Anayeagiza gari kuukuu kutoka nje hukutana na ushuru wa forodha wa asilimia 25, VAT ya asilimia 18, na ushuru wa bidhaa ambao huongezwa kwa sababu ya uzee wa gari lenyewe. Mara nyingi kodi hufukuzana na bei ya gari. Ndiyo maana gari la mwaka 1998 lililoko Arusha linaweza kuuzwa kwa bei ambayo Mjapani angeshangaa kuisikia.

Hapo hapo kwenye kodi ndipo kuna shimo ambalo dalali halisemi, na pengine halijui. Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004, katika Jedwali lake la Tano, inatoa msamaha wa ushuru kwa magari maalumu ya kubeba watalii yanayoingizwa na kampuni zenye leseni ya utalii. Msamaha huo una sharti. Gari likigeuzwa matumizi, ushuru uliosamehewa unakuwa deni, kana kwamba msamaha haukuwahi kutolewa.

Maana yake kwa mkulima ni hii. Anaweza kununua gari kwa fedha halali, akapewa kadi halisi, akaanza kubebea mpunga, halafu siku moja akaambiwa na ofisa wa forodha kwamba gari lake lina deni la ushuru tangu lilipoingia nchini. Muuzaji kwa wakati huo amebadilisha laini ya simu.

Tahadhari yake haihitaji wakili. Kabla ya kutoa hata shilingi moja, mnunuzi achukue nakala ya kadi, aende ofisi ya TRA, aulize mambo mawili: gari hili liliingia kwa msamaha au lililipiwa kodi zote, na kama liliingia kwa msamaha, nani analipa tofauti. Jibu liandikwe kwenye mkataba wa mauziano. Muuzaji anayekasirika kwa swali hilo amekwisha jibu.

Sasa lije suala la fedha inatoka wapi. Katika nchi ya Wasukuma ng'ombe ndiye benki, na watu wengi wanaonunua gari hawatoi fedha kwenye akaunti. Wanatoa zizini. Mara nyingi pamba inalipa nusu na ng'ombe wanamalizia nusu nyingine.

Ng'ombe jike anazaa. Gari halizai. Hata hivyo hasara kubwa zaidi haipo kwa majike, ipo kwa maksai. Mtu akiuza jozi mbili za maksai mwezi Agosti ili kumalizia bei ya gari, mvua za Novemba zinamkuta na gari uani na jembe la kukokotwa limeegemea ukuta. Katika ukanda huu pamba hupandwa kuanzia katikati ya Novemba hadi katikati ya Desemba. Anayesubiri kukodi maksai wa jirani husubiri jirani amalize lake kwanza, na kila wiki inayopita ni kilo za pamba zinazopotea shambani. Hasara hiyo haiandikwi popote kwenye gharama za gari, ingawa gari ndilo lililoisababisha.

Trekta, ambalo lingeweza kulima, haliko kwenye mazungumzo kabisa, ijapokuwa matrekta huingia nchini bila ushuru wa forodha. Gari lina heshima yake barazani, na heshima nayo ina bei.

Chukua mfano wa hesabu, ambao kila kikundi kinaweza kuubadilisha kwa tarakimu zake chenyewe. Watu watano wanachanga na kununua Land Cruiser kuukuu kwa shilingi milioni 20. Wanatumia milioni 10 kulifufua. Wanalitumia miaka mitano, kisha wanaliuza kwa milioni 15. Thamani iliyoyeyuka ni milioni 15, yaani milioni tatu kila mwaka. Bima ndogo na vibali, weka laki tano. Hapo tayari ni milioni tatu na nusu kwa mwaka, gari liende lisiende.

Matairi, oili, filta, bushi na fundi, weka shilingi 400 kwa kila kilomita. Gari la aina hiyo likiwa na mzigo kwenye barabara ya vumbi hutembea kilomita saba au nane kwa lita moja. Dizeli, ambayo mwaka 2022 ilipanda kupita shilingi 3,000 kwa lita, ikichukuliwa kwa shilingi 3,000, inaongeza 400 nyingine kwa kilomita.

Likitembea kilomita 10,000 kwa mwaka, kila kilomita inagharimu shilingi 1,150. Likitembea kilomita 3,000 tu, kama yanavyofanya magari mengi ya kijijini ambayo hutoka siku ya mnada, msiba na harusi, kilomita moja inakaribia shilingi 2,000. Hapo dereva hajalipwa.

Na kama zile milioni 30 zilikopwa kwa riba ya asilimia 15, riba ya mwaka wa kwanza peke yake ni milioni nne na nusu, kubwa kuliko uchakavu wa gari lenyewe. Kwa kilomita 3,000, gharama inaruka hadi karibu shilingi 3,500 kwa kilomita. Hakuna mfuko wa nyanya wala ndoo ya dagaa inayoweza kubeba nauli hiyo.

Hesabu hii haisemi gari lisinunuliwe. Inasema kwamba gari kuukuu lisilo na kazi ya kutosha ni ghali kuliko jipya lenye kazi, na kwamba swali la kwanza liwe kilomita, kabla ya bei.

Kazi zenyewe ni zipi? Pamba haimo, ingawa ndiyo inayotajwa mara nyingi. Mkulima huuza pamba kwenye chama chake cha ushirika cha msingi, na kutoka hapo malori ya wenye viwanda vya kuchambua ndiyo yanayoibeba. Mpunga nao unahitaji lori. Land Cruiser ya watalii hubeba tani moja kwa shida, tena ikiwa siti zimeng'olewa. Kwa umbali mfupi kwenye njia kavu, pikipiki ya magurudumu matatu itaishinda kwa gharama siku zote.

Nafasi ya gari hili ni pale ambapo hivyo vyote vinashindwa: masika, kwenye udongo mweusi wa mbuga, wakati Fuso imezama hadi kwenye ekseli na bodaboda inasukumwa. Mgonjwa wa kupelekwa hospitali usiku. Samaki wa mwaloni ambao wasipofika barabarani asubuhi wanauzwa kwa bei ya kuanika. Wataalamu wa miradi, wahesabuji, wakaguzi na wafanyakazi wa minara ya simu ambao hukodi gari kwa siku na kulipa vizuri. Kukodisha kwa siku kwa watu kama hao ndiko kunakolipa zaidi.

Kubeba abiria kwa nauli ni jambo jingine. Hilo linahitaji leseni ya LATRA, na gari lenye paa la kufunguka na siti za kuangalia twiga halikutengenezwa kwa kazi hiyo. Wapo wanaofanya usiku. Ajali ikitokea, bima haitawajua.

Baada ya kodi na hesabu, linabaki gari lenyewe. Hapa wanunuzi wengi hukosea kwa kuanza na injini, kwa kuwa injini ndiyo inayopiga kelele. Injini hutengenezeka. Kinachoua gari la Serengeti ni chesesi.

Udongo wa mbuga ukilowa hunata kama gundi. Unaingia kwenye matundu ya chesesi, unakaa ndani, unakauka nje huku ndani ukibaki na unyevu miezi kadhaa. Chuma kinaoza kutokea ndani kwenda nje, na rangi ya juu inabaki nzuri. Gari lililofanya kazi pia upande wa mashariki, kwenye vumbi la majivu ya volkano na magadi ya Ndutu, limepata kipigo cha ziada.

Land Rover ina udanganyifu wake wa pekee. Bodi yake ni ya alumini, haishiki kutu kama bati la kawaida, hivyo gari la miaka 40 linaweza kung'aa likipigwa rangi. Lakini chesesi yake ni ya chuma, na pale alumini inapokutana na chuma kukiwa na unyevu, vyote viwili huliana. Anayetazama bodi ya Land Rover na kuridhika ametazama shati la mgonjwa.

Land Cruiser nyingi za utalii nazo zina jambo la kuchunguzwa. Huko Arusha mafundi huzirefusha ili kuongeza safu ya siti: chesesi inakatwa, inaongezwa kipande, inachomelewa. Karakana nzuri hufanya kazi hiyo kwa ustadi, na gari hudumu. Karakana mbaya huacha kiungo ambacho kitapasuka siku gari litakapobebeshwa magunia mahali palipokuwa na Wajerumani sita na kamera zao. Kiungo hicho kitafutwe kwa tochi, uvunguni, gari likiwa limeoshwa.

Fundi aende na nyundo ndogo. Agonge chesesi kutoka mbele hadi nyuma, hasa nyuma ya matairi na pale springi zinaposhikwa. Chuma kizima hulia. Kilichooza hutoa sauti ya debe lenye unga. Kazi hiyo inachukua nusu saa na imeokoa watu mamilioni.

Kwa upande wa injini, 1HZ ya Land Cruiser, ya silinda sita na ujazo wa lita 4.2 bila tabo, iliyoanza kutumika mwaka 1990, ni rafiki wa fundi wa kijijini. Pampu yake ni ya kimakanika, haina kompyuta, haihitaji mtu wa Dar es Salaam kuja na laptopu. Ina ugonjwa mmoja wa uzembe. Mkanda wa taimingi unatakiwa kubadilishwa kila kilomita 100,000. Ukikatika, valvu zinagonga pistoni na bei ya mkanda inageuka kuwa bei ya injini. Kwa kuwa mita za kilomita hurudishwa nyuma, mnunuzi afanye kama mkanda haujawahi kubadilishwa, aununue siku ile ile anayonunua gari.

Land Rover zenye injini ya 300Tdi, zilizoanza mwaka 1994, hula dizeli kidogo kuliko Land Cruiser, na hilo kwa mkulima si jambo dogo. Lakini silinda hedi yake ni ya alumini. Ikichemka mara moja tu kwa sababu ya rejeta iliyoziba, inapinda, na kuanzia hapo ni gasketi juu ya gasketi. Rejeta ya gari hilo isioneshwe huruma: itolewe, isafishwe, na mipira yake yote ibadilishwe.

Magari yaliyovuka mito ya Grumeti na Mbalageti wakati wa mvua yafunguliwe difu zote mbili. Oili ikitoka na rangi ya chai ya maziwa, maji yameingia, na beringi ziko njiani kufa. Vile vile maungio ya magurudumu ya mbele: yakivuja mchanganyiko wa oili na grisi, sili zimekwisha.

Mnunuzi aombe gari liwashwe likiwa limepoa kabisa, asubuhi. Muuzaji ambaye gari lake siku zote lina moto mnunuzi anapofika ana sababu.

Baada ya kununua, utaratibu wa kufufua gari ni kinyume cha ule unaopendwa. Wengi huanza na rangi, siti na redio, kwa kuwa vinaonekana. Fedha inaisha kabla ya breki. Mpangilio wenye akili unaanzia chini: chesesi, breki, usukani, springi na bushi, kisha mfumo wa kupoza injini, kisha mafuta na nozeli, halafu nyaya. Rangi inaweza kusubiri msimu wa pili wa pamba, na gari likawa linafanya kazi wakati inasubiri.

Nozeli zisiguswe kwa kubahatisha. Zipelekwe Mwanza kwenye mashine ya kupimia, nauli ya basi ni ndogo kuliko dizeli inayomwagika kwa mwaka mzima kupitia nozeli mbovu. Moshi mweusi unaotoka nyuma ni fedha.

Spea ni uwanja wa vita. Beringi feki zenye boksi zuri ziko kila mji, na mara nyingi beringi ya mtumba iliyotolewa kwenye gari lililopata ajali ni bora kuliko mpya ya kughushi. Duka lisilotoa risiti lisiuze breki kwa mtu mwenye familia.

Na oili ibadilishwe kila kilomita 5,000, filta ya hewa ikung'utwe kila wiki wakati wa kiangazi. Vumbi la Julai linaua injini nyingi kuliko mizigo. Daftari la shilingi 1,000 likiwekwa kwenye gari na kila kazi ikaandikwa kwa tarehe na kilomita, siku ya kuuza litaongeza bei kuliko rangi mpya.

Yote haya yanaelekeza kwenye jambo ambalo watu wa ukanda wa Lamadi na Kalemela hawalizungumzi vya kutosha. Fedha ya uhakika katika magari haya inaweza isiwe katika kuyamiliki. Inaweza kuwa katika kuyatengeneza.

Magari ya utalii yanayotumia njia ya magharibi ya Serengeti hukutana na udongo ule ule mweusi. Yanavunja springi, yanapasua shokapu, yanakatika bushi. Makao makuu ya kampuni nyingi yako Arusha, ng'ambo ya hifadhi. Gari likiharibika karibu na Ndabaka likiwa na wageni, kila saa ni hasara, na kampuni iko tayari kumlipa vizuri fundi aliye karibu iwapo inamwamini. Kuna pia wasafiri wa Ulaya wanaozunguka Afrika na Land Rover zao zenye mahema juu ya paa, na malori ya safari ndefu ambayo watu hulala humo humo. Hao hawana kampuni ya kupigia simu hata kidogo.

Mafundi wapo. Kijana aliyejifunzia chini ya mwembe anaweza kushusha gia boksi kwa funguo nne na gogo. Anachokosa ni jeki ya uhakika, spana ya kupimia ukazaji, mashine nzuri ya kuchomelea, na karatasi inayosema anajua anachofanya. VETA ina utaratibu wa kurasimisha ujuzi uliopatikana nje ya darasa, ambao humpima fundi kazini na kumpa cheti. SIDO, iliyoanzishwa mwaka 1973 kwa ajili ya viwanda vidogo, ndiyo ingepaswa kuulizwa habari za vifaa. Mikopo ya halmashauri kwa vikundi vya vijana ingefanya kazi kubwa zaidi kwenye gereji moja yenye vifaa kamili kuliko kwenye bodaboda kumi zinazogombea abiria wale wale.

Fundi naye ana la kurekebisha. Tabia ya kuchukua malipo ya awali, kununua nusu ya spea na kuzima simu imewafanya wenye magari wavuke vituo vitatu vya mafundi kwenda Mwanza kwa kazi ya siku moja. Makubaliano yaandikwe, spea ya zamani arudishiwe mwenye gari, na siku iliyoahidiwa iwe siku. Kampuni ya utalii haitampa kazi ya pili mtu aliyeipotezea ndege wageni wake.

Soko hilo lina mwelekeo wake. Nchini Uingereza, Land Rover za kwanza za mwaka 1948 na miaka iliyofuata zinafufuliwa na kuuzwa kwa bei ya magari mapya. Kampuni yenyewe, mwaka 2016, mwaka ule ule ilipofunga uzalishaji wa Defender, ilianza kufufua zile za mwanzo kwa ajili ya matajiri. Oktoba 2024 Arusha iliandaa tamasha la Land Rover, na mamia ya magari yakajitokeza, mengine yakiwa yametoka mikoa ya mbali kwa magurudumu yake yenyewe. Mashine inayooza nyuma ya godauni la chama cha ushirika isiuzwe kwa kilo ya chuma chakavu kabla mtu mwenye ujuzi hajasoma namba ya chesesi yake.

Wakati huo huo, Arusha tayari kuna karakana zinazong'oa injini za dizeli kwenye magari ya utalii na kuweka mota za umeme. Mabadiliko hayo yakienea, injini nzima za dizeli zitakuwa zinatolewa kwenye magari mazuri na kutafuta wanunuzi. Mwenye gereji Lamadi anayeijua namba ya simu ya karakana hizo atapata injini kabla dalali hajaisikia.

Kwa kikundi ambacho kimekwisha amua kununua, yabaki mambo ya tarehe. Gari likaguliwe Juni, si Agosti, kabla madalali hawajajua uzito wa mifuko ya watu. Maksai wabaki zizini. Mkataba uwe na kipengele cha ushuru wa forodha. Theluthi moja ya fedha yote isiguswe siku ya kununua, kwa kuwa ndiyo ya breki, mkanda na chesesi. Na dereva awe mmoja, mwenye jina kwenye daftari, hata kama wamiliki ni watano.